Askari wa Risasi na Haki ya Wafu

Katika michezo ya watu wazima wa Ulaya na Marekani umo mmoja ambao mtu auonapo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni wa watoto. Meza kubwa hutandikwa kitambaa cha kijani. Juu yake huwekwa vilima, mashamba, mto, daraja, nyumba za kijiji na mnara wa kanisa, vyote vidogo hata nyumba nzima yaweza kufunikwa kwa kiganja. Kati ya vilima na nyumba hizo husimamishwa mamia ya askari wa madini au wa plastiki, kila mmoja na sare yake, bunduki yake na rangi ya uso wake. Watu wawili husimama pande mbili za meza, huyu jemadari wa jeshi hili na yule jemadari wa jeshi lile. Hupima mwendo wa vikosi kwa rula, hurusha dadu, hufuata kanuni zilizoandikwa kitabuni, na baada ya saa nne au tano mshindi hujulikana. Aghalabu vita hivyo havikubuniwa na wachezaji. Ni vita vilivyopiganwa kweli, mahali penye jina, siku yenye tarehe, na watu waliokufa siku hiyo walikuwa na mama zao.

Hapo ndipo linapozuka swali linalostahili kufikiriwa kwa utulivu. Je, yafaa siku ya msiba wa watu wengine iwe siku ya burudani ya mtu mwingine?

Majibu mawili hutolewa upesi. La kwanza ni la mwenye hasira, asemaye kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwamba anayejizoeza kuona vita kama mchezo mezani hatashindwa kuviona hivyo katika gazeti, na mwisho katika baraza la nchi yake. La pili ni la mchezaji mwenyewe, asemaye kuwa mezani hapana damu, na kwamba laiti wafalme wote wangalipigana kwa madini na rangi dunia ingalikuwa salama. Jibu hili la pili lina wakili mashuhuri. H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza, alitoa mwaka 1913 kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, na ndani yake alieleza jinsi ya kupigana kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo yenye springi irushayo vijiti vya mti. Mwishoni mwa kitabu aliacha mzaha akasema kuwa mchezo wake ni bora mara nyingi kuliko vita vyenyewe, na kwamba yeyote atakayeucheza mara chache atatambua jinsi Vita Vikuu vilivyo jambo la upumbavu. Mwaka uliofuata Vita Vikuu vilikuja. Hapana jemadari aliyezuiwa na mizinga ya springi.

Majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza halina ushahidi wa kutosha: katika waliouineza mchezo huu wamo watu waliovijua vita kwa ngozi zao. Donald Featherstone, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kiliwafundisha Waingereza wengi kucheza, alikuwa askari wa vifaru katika Vita Kuu ya Pili. Hakuwa mtoto asiyejua risasi inafanya nini mwilini. Na jibu la pili hukwepa swali. Swali halikuwa kama askari wa madini huumia. Swali ni juu ya wale ambao askari wa madini amesimamishwa mahali pao.

Ili kuliona jambo vizuri yafaa kutazama michezo mingine ya vita ambayo haimkeri mtu yeyote. Sataranji ni vita tangu mwanzo. Ilitoka Bara Hindi, ikapita Uajemi na nchi za Waarabu, ikafika Ulaya pamoja na mfalme wake, farasi wake na askari wake wa miguu. Bao nalo lina mashambulio, mateka na maangamizi, na mzee anayelijua hucheza kwa ukali ambao hauonekani katika mambo yake mengine. Walakini hapana mtu aliyewahi kuihurumia kete. Katika bao hata kufa hapana: kete iliyoliwa hutiwa katika mashimo ya aliyeila ikaanza maisha mapya upande wa pili. Kete haina taifa wala kaburi. Haisimami mahali pa mtu aliyekuwa akiitwa kwa jina.

Kadhalika mchezo ambao majeshi yenyewe yaliufanya chombo cha mafunzo haukuwa na nyuso. Mzee von Reisswitz wa Prussia alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III, mwaka 1812, meza yenye vipande vya ardhi vya kupangwa. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, akatoa mwaka 1824 kanuni zake za mchezo wa vita kwa ajili ya maofisa, uliochezwa juu ya ramani. Vikosi vyake vilikuwa vipande vidogo vya mstatili, vyekundu kwa upande mmoja na buluu kwa upande wa pili. Hii ilikuwa hesabu, na hesabu haina haya. Lakini huko Nuremberg mafundi walikuwa wakisubu askari bapa wa bati tangu karne ya 18, na watoto wa Ulaya wakawapenda. Kanuni za maofisa zilipokutana na wanasesere wa watoto ndipo mchezo wa sasa ulipozaliwa. Toka kwa ofisa ulichukua hesabu. Toka kwa mtoto ulichukua uso.

Uso huo hutengenezwa kwa kazi kubwa, na bila kuifahamu kazi hiyo mtu hawezi kuhukumu kwa haki. Sanamu itokapo katika kalibu ina mshono ubavuni, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Fundi huanza kwa tupa na kisu akiuondoa mshono huo katika kofia, bega na mguu. Kisha huiosha kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta ya kalibu huzuia rangi kushika. Huibandika juu ya kigae chake, huipaka rangi ya kwanza, nyeusi au nyeupe, na kuiacha ikauke. Hapo ndipo huchukua brashi yenye ncha kama sindano. Sanamu ya kawaida ya siku hizi ina urefu wa milimita 28 hivi. Wako wapendao za milimita 15, na wako wenye subira ya ajabu wanaopaka za milimita 6. Rangi hutiwa maji ikawa nyembamba, ikapakwa tabaka juu ya tabaka. Baadaye huja rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, ambayo hujitafutia njia yenyewe na kutua katika mikunjo ya koti kama kivuli. Mwishowe brashi iliyokaushwa hupitishwa juu ya kingo ili zishike nuru. Kikosi cha sanamu 24 chaweza kumla mtu jioni zote za mwezi.

Na jioni hizo si za mkono peke yake. Fundi wa namna hii husoma. Hutaka kujua makofi ya mikono ya koti la kikosi fulani yalikuwa ya manjano au ya kijani. Suruali ilikuwa nyeupe kama picha za serikali zinavyoonyesha, au ya kijivu iliyotiwa viraka kama askari walivyoandika kwao. Koti jekundu lililokaa juani miaka miwili lilibaki jekundu au liligeuka rangi ya tofali. Watu hugombana kwa barua juu ya mambo haya. Mtu wa nje hucheka, na kicheko chake kina haki kidogo, maana wamo wanaojua idadi ya vifungo vya kikosi na hawajui vita vyao vilipiganwa kwa sababu gani. Hata hivyo, ndani ya ugomvi wa vifungo mna kitu kisichochekesha. Ni ukaidi wa mtu anayekataa kusema uwongo juu ya aliyekufa, hata katika jambo ambalo aliyekufa asingelijali.

Mafundi wengi husema kuwa kazi iliyo ngumu kuliko zote ni jicho. Sanamu isiyo na macho ni pambo. Itiapo nukta mbili, zikikaa sawa, hubadilika. Hapo hutazama. Yamkini swali la uadilifu huanzia hapa, mahali padogo kuliko punje ya mchele. Aliyepaka jicho amekiri kuwa hiki si kete.

Lugha ya Kiswahili hulizidishia jambo hili uzito, kwa kuwa madini yaliyotumika kusubu askari hao kwa miaka mingi na kitu kilichowaua askari wa kweli vina jina moja: risasi. Mafundi wa siku za nyuma walichanganya risasi na bati. Wengi wa sasa wameiacha risasi kwa sababu ya sumu yake, wakashika bati au plastiki. Lakini mabati ya zamani bado yamejaa askari wa risasi, na anayewasema kwa Kiswahili hawezi kuutaja mwili wao bila kukitaja kifo chao.

Ardhi nayo ina mafundi wake, na wengine huipenda kuliko askari. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na huyu ndiye mtengenezaji wa nyasi. Hukata vilima katika povu jepesi la plastiki kwa waya uliotiwa moto. Huvipaka plasta, gundi na mchanga. Husokota nyaya zikawa mashina ya miti na kuzibandika vipande vya sifongo kama majani. Humimina vanishi tabaka kwa tabaka mpaka mto upate kina. Kwa shamba la ngano iliyoiva wengi hukata zulia la kufutia miguu mlangoni, lile la makumbi ya nazi, ambayo mtu wa pwani angeyasokotea kamba. Mtengenezaji huyu hujifunza jambo ambalo msomaji wa vitabu hulipita. Akiinamisha kichwa hata jicho lake likawa sawa na meza, huona kuwa kilima cha urefu wa kidole gumba chatosha kuficha jeshi zima. Na huelewa kwa nini watu walikufa mamia kwa mamia kwa ajili ya mwinuko ambao mpita njia asingeutambua.

Hadithi ya mtu aliyeifanya kazi hii kuliko wote ndiyo inayolifikisha swali mahali pake. William Siborne alikuwa ofisa mdogo wa jeshi la Uingereza. Hakupigana Waterloo, alipelekwa Ufaransa vita vilipokwisha. Alikuwa stadi wa kupima ardhi na kuifanyia mfano, na mwaka 1830 wakubwa wake walimwagiza atengeneze mfano wa uwanja wa Waterloo, mahali ambapo tarehe 18 Juni 1815 jeshi la Wellington, kisha jeshi la Prussia chini ya Blücher, yalimshinda Napoleon. Siborne alikwenda akakaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, lile lile lililogombewa siku ile, akipima kila mwinuko na kila bonde. Uwanja wenyewe ulikuwa umekwisha kuharibiwa. Ili kujenga kilima kirefu chenye sanamu ya simba juu yake, kilichomalizika mwaka 1826, udongo mwingi ulichukuliwa katika ule ule mgongo wa ardhi ambao Wellington aliwaficha watu wake nyuma yake. Ukumbusho ulikuwa umekula kile ulichotakiwa kukikumbusha.

Kisha Siborne alifanya jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa geni. Aliwaandikia maofisa waliosalia, akawauliza kila mmoja kikosi chake kilikuwa wapi kama saa moja ya jioni, wakati walinzi wa Napoleon walipopanda kwa shambulio la mwisho. Adui alikuwa mbele yao kwa umbo gani. Na shamba walilosimama lilikuwa na mmea gani. Barua zilizorudi zilikuwa mamia, na mwaka 1891 mwanawe alizichapisha baadhi kuwa kitabu. Haifai kusahau kwamba waulizwaji walikuwa maofisa. Mtu aliyeshika bunduki katika safu, ambaye huenda alijua kuliko yeyote ngano ile ilikuwa ya urefu gani, hakuandikiwa. Lakini kwa kipimo cha siku zake Siborne alitafuta ukweli kwa uaminifu mkubwa. Mwaka 1833 serikali ilikataa kuendelea kulipa. Yeye akaendelea kwa fedha ya kukopa. Mfano ulionyeshwa London mwaka 1838, katika jumba lililoitwa Egyptian Hall, nao ulikuwa na upana wa mita zipatazo 6 na sanamu zaidi ya 70,000, kila moja ndogo kama ukucha. Watu wapatao 100,000 walilipa shilingi moja moja kuutazama.

Walakini kabla ya hapo palitokea ugomvi. Katika hesabu ya Siborne, iliyotoka katika barua na katika maelezo ya Waprussia wenyewe, saa moja ya jioni maelfu mengi ya Waprussia walikuwa wamekwisha kuingia vitani, hasa katika kijiji cha Plancenoit kilicho nyuma ya ubavu wa Napoleon. Akawasimamisha hapo. Wakubwa wa jeshi, na watu waliomzunguka Wellington, hawakupendezwa: mtazamaji angaliona kwa jicho moja kuwa ushindi haukuwa wa Mwingereza peke yake. Wellington mwenyewe hakuamini kuwa vita vyaweza kuandikwa. Alipata kuvifananisha na dansi, ambayo kila mtu hukumbuka vijambo vyake na hapana awezaye kusema lipi lilitangulia. Siborne alishikilia kwa muda. Mwishowe, akiwa na deni shingoni na akitumaini wakubwa watamsaidia, alikubali. Husemwa kuwa sanamu takriban 40,000 za Waprussia ziliondolewa katika mfano.

Si rahisi kumhukumu mtu huyu. Hakusema uwongo kwa mdomo wala kwa kalamu. Alitumia vidole tu. Hapana aliyeumizwa, hapana aliyesikia sauti. Na bado siku ile Waprussia wapatao 7,000 waliuawa au kujeruhiwa, wengi katika vichochoro na makaburi ya Plancenoit, na walio hai kati yao walikuwa watu wa makamo tu mfano ulipofunguliwa. Mtu angaliweza kutoka Berlin, akalipa shilingi yake, akatafuta kikosi chake akaona meza tupu. Mfano wenyewe uko hadi leo katika jumba la makumbusho ya jeshi huko London, nao hutazamwa kwa mshangao, kama unavyostahili. Siborne alikufa mwaka 1849 bila kufaidika nao.

Mtetezi wake atasema kuwa kila mfano hudanganya. Hilo ni kweli, na ni kweli zaidi katika meza ya mchezaji kuliko katika mfano wa Siborne. Katika kanuni nyingi sanamu moja husimama mahali pa watu 20, au 30, au zaidi. Nyumba tatu huwa kijiji. Miti mitano huwa msitu. Askari wa milimita 28 ni mrefu mno kwa bonde alilosimama. Angekuwa mtu kweli, kilima kilichoko mbele yake kisingemfika kiunoni. Mvua iliyonyesha usiku kucha kabla ya Waterloo, tope, moshi, kiu, farasi waliovunjika miguu, haya yote hayako. Na sanamu iliyopigwa haianguki ikalia. Huinuliwa kwa vidole viwili ikarudishwa sandukuni, nayo itapigana tena Jumamosi ijayo. Ikiwa haya yote yameruhusiwa, kwa nini Siborne alaumiwe kwa kuondoa Waprussia?

Jawabu ni kuwa kufupisha si kuficha. Anayeiweka sanamu moja mahali pa watu 20 huwatendea wote sawa: Mfaransa hufupishwa kama Mwingereza, na mtazamaji aijuaye hesabu aweza kuirudisha. Ni kama ramani, ambayo huondoa kila jani bila kuupendelea mti wowote. Lakini anayeliondoa kundi moja kwa sababu kuwako kwake kunampunguzia mtu mwingine sifa, huyo hakufupisha. Mtazamaji hana hesabu ya kumrudishia walioondolewa, kwa kuwa hajui kama walikuwako. Ufupisho hukiri upungufu wake. Ufichaji hujivika ukamilifu, na kadiri kazi ya mikono ilivyo safi ndivyo ufichaji unavyozidi kuaminika. Mfano mbovu usingaliwadhuru Waprussia. Uliowadhuru ni ule uliokuwa sahihi hata katika mimea ya mashambani.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi swali la mwanzo lilikuwa limeulizwa vibaya. Haiwi tena kama yafaa kucheza juu ya msiba wa wengine; watu huuimba msiba, huuchora, huutungia tenzi, na huko hawalaumiwi wakiwa wakweli. Huwa ni nani anayewekwa mezani, na nani anayeachwa nje, na kwa sababu gani.

Na hapa mchezo wafika Afrika ya Mashariki, bila kuvutwa. Miongoni mwa vita vinavyopendwa na wachezaji wa Ulaya ni vile vya Tanga vya Novemba 1914. Sababu za kupendwa kwake zaonekana mara moja: jeshi la Uingereza lililotoka Bara Hindi, watu wapatao 8,000, lilitua pwani likashindwa na watu wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, wengi wao wakiwa askari Waafrika, tena mna minazi, reli, mji wa bandari, na nyuki waliotoka mizingani wakawauma watu wa pande zote mbili. Kwa mtengenezaji wa ardhi hii ni karamu. Sanamu za askari hao wa Kiafrika zauzwa tayari, pamoja na kofia zao na fulana za mizigo mgongoni, na fundi mwema huzipaka kwa uangalifu ule ule anaowapakia walinzi wa Napoleon. Jambo hili lina heshima yake na lisidharauliwe. Mtu wa Leeds au wa Chicago akikaa jioni nzima akichanganya rangi mpaka apate weusi wa uso wa mtu wa Unyamwezi, huyo amemfikiria mtu yule kuliko wengi waliosoma jina la Tanga kitabuni.

Lakini vita vile havikwisha Tanga. Viliendelea miaka minne, mpaka Novemba 1918, katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o walioua farasi na ng'ombe. Na kwa hiyo chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengine kwa ujira, wengi kwa nguvu. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Uingereza peke yake ni kama 95,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, idadi inayowapita mbali askari waliouawa kwa silaha. Majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, yametoka katika jina la Kiingereza la kikosi chao, na maelfu hununua nazi na vitambaa humo kila siku bila kulifikiria. Dar es Salaam iko sanamu ya shaba ya mwaka 1927, askari aliyeinama na bunduki yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyoko chini yake, wakaitwa miguu na mikono ya jeshi. Mwili wa shaba alipewa askari. Katika sanamu za Nairobi, za mwaka mmoja baadaye, mpagazi alipata mwili wake.

Mezani mpagazi ni nadra. Hapana mkubwa aliyeagiza aondolewe, kama alivyoagizwa Siborne. Ameondolewa na umbo la mchezo. Kanuni hupima mwendo, shabaha na ushujaa wa kushambulia, naye hana shabaha wala hashambulii. Hula nafasi. Anapowekwa, aghalabu huwa alama ya chakula cha jeshi, kama gari au mtumbwi: kikosi chenye wapagazi chaendelea, kisicho nao chasimama. Hivyo kifo chake chaweza kuhesabiwa katika mchezo kuwa upungufu wa shehena.

Pengine mtu atasema kwamba ni afadhali asiwekwe kabisa. Kwamba wafu hawa walidharauliwa vya kutosha bila kufanywa tena vitu vya kusukumwa kwa rula. Pingamizi hili lina nguvu, na latoka moyoni mwema. Lakini likifuatwa hadi mwisho wake litafanya heshima kuwa jina jingine la kusahau, na litawaacha mezani wale tu waliokuwa na bunduki, kana kwamba ni wao tu waliokuwako. Waprussia wa Siborne nao hawakudharauliwa kwa kuwekwa. Yaelekea iliyo bora ni kazi ya yule fundi ambaye, akitaka vita vya Afrika ya Mashariki, hukisia kwanza idadi: ikiwa sanamu moja ya askari ni watu 20, basi sanamu moja ya mpagazi iwe watu 20 pia, kwa kipimo kile kile, bila upendeleo. Akifanya hivyo kwa msafara mmoja tu wa mwaka 1917 ataona kuwa safu ya wapagazi yapita safu ya askari, yaipita meza, na hana budi kuongeza meza ya pili mlangoni ili kuwapa mahali pa kusimama. Sanamu za kununua hazitamtosha. Itambidi achukue za raia, azikate bunduki zilizo nazo baadhi, azitengenezee mizigo kwa udongo wa gundi, kisanduku hiki, gunia lile, kila kichwa kwa wake, kisha azipake moja moja. Nguo zao hazina vitabu. Hapana mwandishi aliyeandika makofi ya mikono yao yalikuwa rangi gani, maana wengi hawakuwa na mikono ya koti. Atalazimika kuangalia picha chache zilizobaki, kipande cha shuka, blanketi lililofungwa begani, miguu mitupu. Na akifika kwenye macho, nukta mbili kwa kila mmoja, atakuwa amekaa nao majira mazima ya baridi kabla ya mwenzake kuja kurusha dadu ya kwanza na kuuliza kwa nini mchezo huu una meza mbili.